Wazee wa Macho Meupe

Inspekta alianza kazi kwa kunusa. Chuo cha polisi hakimfundishi mtu kunusa, lakini Inspekta alifundwa mara mbili maishani, na mara ya kwanza ilikuwa hapahapa, ndani ya chumba hikihiki, kabla hajajua kwamba binadamu naye ni mnyama wa kuchunguzwa.

Alisimama mlangoni mwa maabara ya biolojia akavuta hewa. Formalini. Etha. Uji wa mahindi uliotiwa hamira. Chini ya hayo yote, harufu ya mbao za meza zilizolowa mvua kila mwaka kutokana na bati lililotoboka, ambalo mkuu wa chuo wa enzi zile aliahidi kulishughulikia haraka iwezekanavyo. Bati lilikuwa bado limetoboka. Iliyobadilishwa ni ndoo.

"Shangazi, mbona umesimama?" aliuliza msichana aliyekuwa nyuma yake.

"Nachunguza."

"Umefumba macho."

"Ndivyo tunavyochunguza."

Msichana huyo alikuwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mtuhumiwa. Alasiri ya siku ileile kamati ya nidhamu ingekaa, na kama mambo yangebaki yalivyo, angefukuzwa chuo huku shahada ikiwa imebakiza mradi mmoja tu kufika mkononi. Inspekta hakuwa na hati ya upekuzi, wala jalada, wala baraka za bosi wake, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba kuna msiba katika familia. Hilo halikuwa uongo moja kwa moja. Marehemu walikuwepo, tena wengi, ingawa wote walikuwa nzi.

Katika kabati la kona, idara ilitunza ukoo wa nzi wa matunda. Nzi wa matunda wa kawaida, wale wanaozungukazunguka ndizi mbivu, wana macho mekundu. Hawa walikuwa na macho meupe kama chembe za chumvi, na walikuwa wakikabidhiwa kutoka darasa moja hadi jingine tangu kabla Inspekta hajawa mwanafunzi. Chuo kilikuwa kidogo. Hakikuwa na timu ya mpira ya kutisha wala jengo lenye lifti. Kilikuwa na nzi hawa, na watu wote waliwaita Wazee, kwa heshima.

Wakati wa likizo, ukungu uliota ndani ya chupa ukafyeka karibu Wazee wote. Msichana, ambaye ndiye mtunzaji wa mwaka huu, alisema amewanusuru waliobaki, na kwamba watoto wao wataijaza chupa na kumtosha kwa mradi wake. Chupa ikajaa kweli. Ila karibu nusu ya watoto walitoka na macho mekundu. Mhadhiri wa jenetiki akaitazama chupa mara moja, akaichukua, akaandika mashtaka: mwanafunzi amevua nzi wa jikoni akawamwaga humo ili chupa ionekane imejaa. Yaani amedanganya sayansi, na sayansi haina msamaha.

"Uliwachanganya?" aliuliza Inspekta.

"Shangazi, jamani."

"Nauliza kama polisi."

"Sikuwachanganya, afande."

"Sawa. Sasa nauliza kama shangazi yako."

"Sikuwachanganya. Na ukitaka kuniuliza kama bibi yangu, jibu ni lilelile."

Inspekta akaketi kwenye meza ya tatu karibu na dirisha, bila kuchagua. Miguu ndiyo iliyochagua. Hapo ndipo alipomaliza miaka yote ya shahada yake, akipasua chura kwa mwendo uliompatia jina la Konokono, huku mwenzake wa meza akiwa ameshamaliza na kuanza kumpigia miluzi. Kiti kilikuwa kifupi kuliko alivyokikumbuka. Au nyonga ndizo zilizokuwa na habari mpya.

"Nieleze siku uliyowatenga," alisema. "Polepole. Usiniambie ulichofikiri. Niambie mikono yako ilifanya nini."

Msichana akaeleza. Majike waliotoka kwenye vifukofuko vilivyonusurika aliwatenga alfajiri, kabla hawajakutana na dume yeyote, akawatia katika chupa yao peke yao. Madume, nao weupe, wakawa katika chupa nyingine. Harusi ilipangwa kuwa kesho yake asubuhi. Ili aweze kuwashika wasiruke, aliwalaza kwa etha. Na kwa kuwa nzi aliyelala akiangukia uji, chakula chao kilicho chini ya chupa, hunata na kufa, chupa aliilaza ubavu mpaka walipoamka.

"Walipoamka?"

"Nikaisimamisha. Nikaitia kabatini, nikafunga, nikaondoka."

"Una uhakika uliisimamisha?"

"Lebo ilikuwa inanitazama, Shangazi."

"Na asubuhi?"

"Nikaikuta imelala tena. Nikajiambia labda jana nilichoka. Nikawamwagia madume wao, nikaendelea na shughuli."

"Imelala tu, hivihivi?"

"Imewekewa penseli ubavuni, isibiringike. Penseli haikuwa yangu, lakini humu penseli ni kama mbu, hujui katoka kwa nani."

Inspekta, aliyekuwa akiandika, akaacha kuandika. Kisha akaendelea, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za mwanzo.

"Nini?" aliuliza msichana.

"Hakuna kitu."

Msichana alikuwa ameishi na askari katika ukoo muda wa kutosha kujua kwamba "hakuna kitu" ya shangazi ni sawa na "nipo njiani" ya fundi. Lakini pia alijua kwamba yote mawili hayaharakishwi.

Ufunguo wa kabati ulitundikwa msumarini nyuma ya mlango, chini ya karatasi iliyoandikwa USIGUSE. Kwa hesabu ya Inspekta, hilo liliingiza katika orodha ya washukiwa kila aliyewahi kujua kusoma. Akaanza na mwenye sababu.

Mwenye sababu alikuwa kiongozi wa darasa, kijana aliyeitwa Mheshimiwa hata na walimu. Aliwahi kugombea utunzaji wa Wazee, akahutubia darasa akiwa amevaa tai, akaahidi mageuzi, na kura zikaenda kwa msichana ambaye hakuhutubia. Sasa alikuwa akifanya mradi wa mimea ya kivulini. Walimkuta kwenye kibanda cha mimea akiinyunyizia maji kwa huruma ya mtu aliyekosa jimbo.

"Uliwahi kufungua kabati la Wazee?" aliuliza Inspekta.

"Kwanza kabisa, napenda kukushukuru kwa kufika."

"Uliwahi kulifungua?"

"Swali zuri."

"Kijana, mimi huhoji majambazi kabla sijanywa chai."

Mheshimiwa akaweka chini kopo la maji. "Nilifungua mara moja, mama. Kulikuwa na ndizi."

"Ndizi gani?"

"Ndizi ya chambo ya mwaka wa kwanza. Ilikuwa imehifadhiwa mle. Nilikuwa na njaa."

"Ni wewe," alisema msichana. "Tulimlaumu panya wiki nzima. Tukamtegea mtego."

"Nao mtego niliuona," alisema Mheshimiwa kwa huzuni. "Kwa mguu."

Inspekta akatoa mfukoni chupa ndogo ya nzi wa kawaida aliyoiazima maabara, akadondosha etha kidogo kwenye pamba, nzi wakalala. "Nishikie, halafu iweke pale mezani," alisema. Mheshimiwa akaiweka. Wima. Nzi wote wakaporomoka kwenye uji, wakanata humo kama zabibu kwenye keki.

"Asante," alisema Inspekta. "Umeondolewa kwenye orodha."

"Nimefaulu?"

"Umefeli. Ndiyo maana."

Mshukiwa wa pili alikuwa mtunza maabara, aliyejulikana kwa vizazi vyote kama Mzee wa Uji, kwa kuwa ndiye aliyewapikia nzi chakula. Alikuwa jikoni kwake nyuma ya maabara akikoroga sufuria. Enzi za Inspekta alikuwa kijana mwenye nywele za kuchongwa, na tayari aliitwa Mzee wa Uji. Umri ndio uliochelewa kulifikia jina.

Alimtazama Inspekta kwa mwiko mkononi. "Wewe si ndiye Konokono?"

"Ndiye."

"Uliniachia chura ndani ya friji. Kwenye sahani yangu ya chakula."

"Alikuwa sampuli."

"Nilimpasha moto," alisema Mzee wa Uji. "Nilianza kumla kabla sijawasha taa vizuri." Akakoroga. "Hakuwa mbaya. Shahada ulipata lakini?"

"Nilipata."

"Basi chura tumsamehe."

Alipoulizwa kuhusu Wazee alisema yeye hupika tu, hakai mezani na wageni. Alipopewa chupa ya nzi waliolala aliisimamisha kwenye rafu pamoja na chumvi, akarudi kwenye sufuria. Aliyeondolewa wa pili.

Mwaka wa kwanza hawakuhitaji hata kuhojiwa. Siku ileile majike walipotengwa, asubuhi, ndio waliokuwa na darasa lao la kwanza la nzi wa macho mekundu, na kwa maelezo ya Mzee wa Uji, walirudisha chupa zote wima na nzi wote wakazama. "Maiti mpaka kwenye soksi," alisema. "Watoto wa siku hizi."

Inspekta akaenda hadi kwenye mtungi uliokuwa chini ya sinki. Huo uliitwa Makaburini. Ndimo nzi waliokwisha kazi walimotupwa, ndani ya spiriti. Akainama, akachota kijiko, akamwaga kwenye kigae, akatazama kwa lenzi. Macho yote yalikuwa yamepauka. Spiriti ilikuwa imefuta rangi, wa jikoni na wa ukoo bora wakalala pamoja bila ubaguzi.

"Kwa hiyo?" aliuliza msichana. Sauti yake ilikuwa imepungua. Jua lilikuwa limeshavuka dirisha la meza ya tatu. "Shangazi, kamati inakaa leo. Wakinifukuza nitamwambia nini Baba?"

"Hapana wa kuambiwa bado. Twende kwa mwalimu wako."

"Yeye ndiye aliyenishtaki."

"Ndiye mwenye kielelezo."

Ofisi ya mhadhiri wa jenetiki ilikuwa mwisho wa korido, na chupa ya ushahidi ilikuwa juu ya rundo la mitihani, ikiwa na watu wake wadogo wanaopanda na kushuka kioo. Mhadhiri, Daktari kwa watu wote, alisimama walipoingia. Kipara kilikuwa kimekamilisha ushindi wake. Alimtazama Inspekta, na kwa muda mfupi uso wake ukasahau ulikuwa umekasirika.

"Konokono."

"Kifaranga."

Msichana akakohoa.

"Jina hilo lisitoke nje ya chumba hiki," Daktari alimwambia.

"Jina gani, Daktari?"

"Vizuri."

Jina lilikuwa na historia. Daktari, alipokuwa kijana wa bweni, aliatamia yai chini ya taa yake ya kusomea ili kuthibitisha nadharia fulani. Nadharia ikaanguliwa. Kwa muda ikaishi chini ya kitanda chake ikimwita mama, na kila msimamizi wa bweni alipopita, Daktari alilazimika kuimba.

"Sikutaka awe yeye," alisema sasa, akimwonyesha msichana kwa kidevu. "Angekuwa mvivu ningeelewa. Huyu ndiye bora niliyempata kwa miaka. Lakini Wazee wale, Konokono. Wewe unajua. Unakumbuka ile baridi taa ya kabati ilipoungua?"

Inspekta alikumbuka. Hawakuwa na taa nyingine ya kuwapa Wazee joto, kwa hiyo yeye na Kifaranga walizivaa chupa chini ya sweta, kwapani, wakaenda nazo darasani, bwaloni, hata kwenye mtihani wa kemia. Msimamizi wa mtihani aliwashuku kwa kubana mikono. Alipowapekua akakuta nzi, akawarudishia, akaomba uhamisho.

"Tuliwaatamia," alisema Daktari.

"Tuliwaatamia. Sasa nijibu kama shahidi. Nani mwingine alifungua kabati siku ile?"

"Hakuna. Kabati la Wazee ni la mtunzaji."

"Wewe?"

"Mimi sikugusa kitu."

Inspekta alimtazama usoni kwa namna ambayo imewahi kumfanya mwizi wa mabati arudishe hata mabati ambayo hakuiba. Daktari hakupepesa. Hakuwa akisema uongo. Hilo lilimsumbua Inspekta kuliko kama angekuwa akisema.

"Tuwahesabu," alisema.

"Nimeshawahesabu. Wekundu wanakaribia nusu."

"Ulihesabu macho. Uligeuza mikia?"

Daktari akapapasa mfuko wa shati kutafuta miwani. Miwani ya Daktari ilikuwa mahali inapokaa siku zote, yaani nyumbani.

"Ulitazama ukiwa umesimama," alisema Inspekta. "Umekasirika. Kupitia kioo."

"Nyekundu ni nyekundu."

"Kwenye taa za barabarani. Lete hadubini."

Wakarudi maabara, meza ya tatu. Daktari mwenyewe aliwalaza nzi kwa etha, akawamwaga juu ya kigae cheupe. Chini ya hadubini macho ya watu wote huwa sawa, ya mzee na ya kijana, na mikono yake ikaanza kwenda bila kuambiwa. Dume wa nzi ana mkia wa mviringo, mweusi kama uliochovywa wino. Jike mkia wake umechongoka na una mistari. Kwa ncha ya brashi alimsukuma kila mmoja upande wake: macho mekundu huku, macho meupe kule, kisha ndani ya kila fungu, majike juu, madume chini.

Inspekta alisimama nyuma yake. Msichana alisimama akiwa ameshika makali ya meza.

Fungu la weupe liligawanyika: majike wachache, madume tele. Daktari akahamia wekundu. Jike. Jike. Jike. Jike. Kasi ya brashi ikapungua. Jike. Akarudi nyuma kuhakikisha aliokwisha pitisha. Wote majike.

"Hakuna dume mwekundu," alisema mwishowe.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mimi nimeishi bweni la wasichana," alisema Inspekta, "lakini jiko lenye nzi wa kike watupu sijawahi kuliona. Mtu akivua nzi kwenye ndizi anavua wake kwa waume. Nieleze, Daktari. Mimi nimesahau mengi, nilihamia kwa majambazi."

Hakuwa amesahau. Alitaka atoe ushahidi yule aliyeshtaki. Daktari naye alikuwa mwalimu, na mwalimu akiulizwa hujibu, hata kama jibu linamfunga.

"Mtoto wa kiume hurithi rangi ya macho kwa mama yake tu," alisema, jicho bado likiwa kwenye lenzi. "Madume wote hapa ni weupe. Kwa hiyo mama zao wote ni weupe. Ni Wazee halisi. Binti hurithi kwa wote wawili, na nyekundu huishinda nyeupe. Mabinti wekundu ni watoto wa mama mweupe na baba mwekundu." Akanyanyua kichwa. "Hakumwaga nzi wa jikoni. Aliwaokoa kweli. Kuna dume mmoja mwekundu aliyeingia humo kabla ya waume zao, akamaliza mambo mapema."

Msichana akaketi. Hakulia, alishusha tu pumzi ambayo yaelekea alikuwa ameishika tangu wiki iliyopita.

"Dume hana ufunguo," alisema Inspekta. "Aliingizwa na nani?"

"Hilo ndilo la kujiuliza," alisema Daktari, akianza kuwarudisha nzi kwa brashi, fungu moja baada ya jingine, mikono ikifanya kazi huku akili ikienda kwingine. "Mtu mzembe. Mwaka wa kwanza, bila shaka. Asiyejua thamani ya kitu." Akaziba chupa kwa pamba. Akailaza ubavu. Akachomoa penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaikita ubavuni mwa chupa isibiringike, akageuka kuwatazama.

Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Wote wawili walikuwa wakitazama penseli.

"Daktari," alisema msichana taratibu. "Ilikuwa hivihivi. Asubuhi ile niliikuta hivihivi."

"Mwalimu wetu marehemu," alisema Inspekta. "Unamkumbuka alivyotufundisha? Chupa iliwahi kubiringika ikapasuka, akatununia muhula mzima. Tangu siku ile kila aliyelaza chupa katika darasa letu aliikitia penseli. Wa darasa lile tunaoingia humu bado ni wawili, mimi na wewe. Na mimi siku ile nilikuwa mjini nikimkimbiza mwizi wa betri, nina mashahidi, akiwemo mwizi."

Daktari alibaki ametazama mkono wake kama mtu aliyekuta mgeni kwenye kiti chake.

"Baada ya darasa la mwaka wa kwanza," alisema. "Watoto walishaondoka. Nilikuwa nasafisha." Akaitazama chupa. "Nilisikia wamebaki wachache. Nilitaka tu kuwaona."

"Ulisema hukugusa."

"Sikugusa. Niliwatazama."

Na hapo Inspekta akaelewa kwa nini uso ule haukupepesa. Kwa Daktari, kuwalaza Wazee, kuwamwaga kwenye kigae na kuwarudisha hakukuwa kugusa, kama vile mama hatasema amefungua mlango wa watoto usiku; alichungulia tu.

"Kwa brashi gani?"

"Iliyokuwa mkononi." Alijua ilikokuwa imetoka swali lilipokuwa bado njiani. Ilikuwa brashi ya darasa, iliyoshinda asubuhi nzima ikisukuma nzi wa macho mekundu waliolala. Dume mmoja alinasa kwenye nywele za brashi, akasafiri usingizini, akaamka katikati ya mabinti wa watu.

Kengele ya alasiri ikalia. Kwenye korido, Inspekta alimshika Daktari mkono kidogo.

"Nikiitwa nitaeleza kuhusu mikia na mama zao," alisema. "Hiyo inamtosha binti yangu. Aliyemwingiza dume sitamtaja. Sina jalada, na leo nipo msibani."

Daktari akatangulia kuelekea kwenye kamati.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye viti visivyofanana. Mwenyekiti alikuwa profesa wa historia, mtu asiyependa mdudu wa aina yoyote, na alisikiliza maelezo ya Inspekta akiwa amejisogeza mbali na chupa. Alitaka aelezwe mara ya pili kuhusu mama. Mara ya tatu alielewa.

"Kwa hiyo mwanafunzi hakudanganya."

"Hakudanganya."

"Mama wanajulikana."

"Wote."

"Lakini baba wa hawa wekundu hajulikani alikotoka."

Inspekta akafungua mdomo ili asijibu, jambo ambalo askari hujifunza mapema.

"Anajulikana," alisema Daktari, akisimama. "Niliyemwingiza ni mimi."

Katibu akaacha kuandika. "Niandike hivyohivyo, Daktari?"

"Andika hivyohivyo. Nilifungua kabati la mwanafunzi bila ruhusa, nikatumia brashi chafu, kisha nikamshtaki yeye kwa matokeo yake. Nafuta mashtaka. Naomba aongezewe muda wa kurudia mradi. Na onyo liandikwe vilevile, ila kwa jina langu."

Mwenyekiti akatazama huku na huku, akitafuta mtu wa historia mwenzake. Hakuwepo. Akagonga meza, akasema mwanafunzi hana kosa na muda ataongezewa, na kwamba chupa iondolewe sasa hivi tafadhali.

Msichana aliichukua chupa kwa mikono miwili, akatoka mbele, wao wakamfuata. Hakuenda kupiga simu nyumbani, hakwenda bwenini kuwaambia rafiki zake. Alikwenda meza ya tatu. Katika chupa ya akiba, alimohamishia baadhi ya watoto kabla ya mashtaka, vifukofuko vilikuwa vinapasuka, kizazi kipya kikitoka kikiwa bado na mbawa zilizokunjana, na kila jike mweupe alipaswa kutengwa kabla hajapata mchumba asiyefaa.

"Ni kazi ya watu watatu," alisema bila kugeuka. "Kaeni."

Wakaketi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Daktari akanyoosha mkono kwenye kopo la brashi. Inspekta akawahi nyingine, akamsukuma nzi wa kwanza upande wa majike kwa ustadi wa zamani.

"Shangazi, huyo ni dume."

Inspekta akainama kwenye lenzi. Mkia mweusi, wa mviringo, hauna ubishi. "Enzi zetu walikuwa wakubwa kidogo," alisema.

"Enzi zetu walionekana vizuri," alisema Daktari.

"Enzi zenu ndizo zilizonipeleka kwenye kamati," alisema msichana. "Brashi chini. Wote wawili."

Wakaziweka chini. Akazikusanya, akaenda nazo kwenye sinki, akazisugua kwa sabuni unywele kwa unywele, akazikung'uta, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Inspekta na mhadhiri wa jenetiki walingoja, viganja vikiwa juu ya meza, mpaka aliporudi akampa kila mmoja ya kwake.